Mayai ya Mwisho ya Bwana Harusi

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita nilikomea mlangoni pa jiko, nimeduwaa, beseni limejaa manyoya mekundu yenye mabaka, na sufuria inachemka. Sikuwa na nguvu ya kuandika zaidi. Leo nimejikaza.

Kwa aliyelikosa gazeti, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mke wa fundi cherehani. Kwa miaka tisa nimekuwa nikizalisha kuku wa aina yangu mwenyewe, nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Nilianza na kuku wa kisasa, wale wanaotaga kila kukicha lakini yai likishatoka hawana habari nalo. Nikawachanganya na wa kienyeji, wale wanaoatamia hata kokoto lakini kutaga kwao ni kwa kuringa. Nilitaka kuku mmoja mwenye tabia zote mbili, ili mama asiye na umeme wala mashine apate mayai na vifaranga kwa kuku huyo huyo.

Kila kizazi nilibakiza wachache waliokaribia nilichokitaka. Wengine wote, sufuriani. Mwisho nikampata jogoo aliyezaa watoto wa sura moja na tabia moja, nikamwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Nikamrudisha kwa binti zake mwenyewe ili damu itulie, tabia zisiyumbe tena. Wanawe wa kiume wote walikufa kwa ugonjwa wa mdondo, na wale waliolia nami katika sehemu ya saba wanakumbuka. Akabaki yeye na majike wachache.

Sasa, nyumbani kwetu kuna sheria. Kuku asiyefaa kuendeleza uzao hufungwa kitambaa chekundu mguuni, kutoka vile vipande vinavyoanguka chini ya cherehani ya mume wangu. Chekundu maana yake sufuria. Hata mgeni anajua.

Ijumaa Bwana Harusi alijikata mguu kwa bati. Damu ilikuwa inamwagika. Nikaokota kipande cha kwanza kilichonijia mkononi, nikamfunga.

Kilikuwa chekundu.

Jumamosi mama mkwe, ambaye nyumba ni yake lakini anaishi mbali, akaja kututembelea, na wifi yangu, dada wa mume wangu tunayeishi naye, akaingia bandani kutafuta kitoweo.

"Wifi, si mwenyewe ulinifundisha?" aliniambia pale jikoni, mwiko mkononi, machozi yameshamlenga. "Ulisema mwenye chekundu nisikuulize, nichinje tu."

Alikuwa amefuata sheria yangu neno kwa neno. Mjinga nilikuwa mimi.

"Mkwe!" mama mkwe akaita kutoka sebuleni. "Njoo ukae, chakula kinapoa."

Nikaenda, nikakaa. Mezani walikuwapo mama mkwe, mume wangu, na shemeji yangu mkubwa ambaye ni mwashi. Shemeji anautaka uwanja wa mabanda yangu ajenge vyumba vya kupangisha. Mchanga wake uko getini tangu sehemu ya tano, paka wa mtaa mzima wameshaugeuza choo.

"Kuku mgumu kidogo huyu," shemeji akasema huku akilivuta paja kwa meno. "Alikuwa mzee."

"Alikuwa na miaka minne," nikasema.

"Kumbe mlikuwa mnajuana?"

Wakacheka wote. Hata mume wangu alicheka, halafu akaniangalia usoni, akaacha.

"Ndiye Bwana Harusi," nikamwambia.

Kijiko kikamwanguka. Shemeji akatafuna polepole, akameza, akajifuta mdomo.

"Mama," akasema, "mimi simcheki mtu. Lakini kama jogoo mwenyewe ndiye huyu tunayemla, yale mabanda ni ya nini tena?"

Nilimtazama mume wangu aseme neno. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mbele ya kaka yake ulimi wake hulala. Akatafuta mfupa wa kuangalia.

"Kuleni," mama mkwe akasema. "Nyumba ni yangu na uwanja ni wangu. Nitasema nikiwa tayari."

Mimi nikanyanyuka. Niliingia chumbani, nikajitupa kitandani kifudifudi, nikalia mpaka mto ukalowa.

Nataka mnielewe. Wapo wasomaji mlioandika kwamba kuku ni kuku tu, ninunue wengine. Nisikilizeni. Nyumba ninayolala ni ya mama mkwe. Cherehani inayotulisha ni ya mume wangu. Jina langu ni la baba yangu. Wale kuku ndio kitu pekee duniani kilichokuwapo kwa sababu mimi niliamua kiwepo. Wakiisha, sijui nitajieleza kwa nani kwamba nami nilipita hapa.

Basi nikiwa nimelala pale, kamasi mpaka kidevuni, nikakumbuka jambo ambalo kila mzalishaji wa kuku analijua na mimi uchungu ulikuwa umenisahaulisha.

Kuku jike hutunza mbegu za jogoo ndani ya mwili wake. Jogoo akifa leo, mayai yanaendelea kurutubishwa kwa siku kadhaa, wengine hata wiki mbili.

Nikaanza kucheka. Mume wangu akachungulia mlangoni, uso umemshuka.

"Bwana Harusi hajaisha!" nikamwambia.

"Mke wangu, mimi nimeiona mifupa."

"Yumo ndani ya majike! Kila yai litakalotagwa wiki hii ni lake. Nahitaji jogoo mmoja tu kutoka humo. Mmoja tu, nianze tena!"

Akanisogelea kama mtu anayemsogelea mgonjwa. Nikampita mbio, nikatokea uani kuelekea bandani, moyo mwepesi kabisa.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Alikuwa anatabasamu, macho bado mekundu.

"Wifi, usininunie," akasema. "Nimekwenda sokoni nikakutafutia mwingine. Mkubwa kuliko yule!"

Nikachungulia ndani.

Jogoo mweupe, mnene, kifua kama cha askari wa gwaride, alikuwa juu ya mgongo wa jike langu bora kuliko yote. Akashuka, akajikung'uta mabawa, akamfuata mwingine.

"Na wala si mvivu," wifi akasema kwa fahari. "Tangu nimemwachia hajapumzika."

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Najua jirani alitoka nje na taulo, akidhani nimeumwa na nyoka. Nilimkamata yule jogoo kwa mkia, nikamrusha juu ya ukuta, manyoya yakabaki mkononi. Wifi akawa analia, mimi nalia, majike yanakimbia huku na huku.

"Nimefanya nini tena?" wifi akauliza. "Wifi, niambie, nimefanya nini?"

Alikuwa hajui, na ningemlaumuje? Jike akishapandwa na jogoo wa pili, mbegu mpya ndizo zinazotangulia. Yai la leo na la kesho asubuhi yalikuwa yameshatungwa, hayo salama. Baada ya hapo sina jogoo, sina damu, nina mchanganyiko. Miaka tisa ya kuchagua, na mchana mmoja wa jogoo wa sokoni.

Hapo ndipo nikakumbuka trei.

Mayai yote ya wiki iliyopita nilikuwa nimeyapanga kwenye trei, juu ya kabati la jikoni, nikisubiri jike mmoja aanze kuatamia nimwekee. Yote yalitagwa Bwana Harusi akiwa hai, peke yake bandani. Trei nzima ya damu safi!

Nikaingia jikoni. Juu ya kabati kulikuwa na vumbi, na mraba safi mahali ambapo trei ilikuwa.

"Mayai yako wapi?"

Mume wangu akakuna shingo.

"Mama ameshaondoka," akasema. "Kaka amemsindikiza kituoni. Na kwa kuwa wewe ulikuwa unalia, sikutaka kukusumbua. Na Mama hawezi kuondoka mikono mitupu, mke wangu. Si heshima."

"Umempa?"

"Nimempa."

Nikatoka mbio na kiatu kimoja. Kingine kilibaki uani kwenye vurugu za jogoo, na sikuwa na muda wa kukitafuta.

Kituo cha mabasi hakiko mbali, lakini siku ile kilikuwa mwisho wa dunia. Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi la abiria, mkoba mapajani, shemeji amesimama pembeni akimpepea kwa gazeti. Nashukuru hata gazeti lina kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona kiatu kimoja?"

Nilikuwa nahema. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekalia mizigo yao. Mkata tiketi alikuwa dirishani kwake hatua chache tu kutoka pale.

"Mama, naomba unirudishie mayai."

Shemeji akaacha kupepea.

"Unasemaje?"

"Yale mayai, Mama. Naomba unirudishie. Nitakuletea mengine, nitakuletea mara mbili, mara tatu. Lakini yale naomba."

"Mwanangu amenipa zawadi kwa mkono wake," mama mkwe akasema polepole, kila neno na mahali pake. "Wewe umenifuata kituoni kuninyang'anya?"

"Ala!" mkata tiketi akadakia dirishani. "Siku hizi wakwe wana kazi!"

Watu wakageuka. Nikaona aibu kupita kiasi, lakini aibu haikuwa na nguvu ya kunirudisha nyumbani. Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda ya machungwa.

"Mama, ndiyo yaliyobaki. Jogoo mmemla. Wifi ameingiza mwingine, majike yameharibika. Hayo ndiyo mayai ya mwisho ya Bwana Harusi. Yakiliwa hayo, mimi sina kitu."

"Shemeji, nyanyuka, unatutia aibu," shemeji akanong'ona.

"Mwache," mama mkwe akasema.

Akautazama mguu wangu usio na kiatu. Kisha sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona amefadhaika.

"Mengi yamechemshwa," akasema.

"Yamefanywaje?"

"Yamechemshwa. Wifi yako alisema mabichi yatapasuka njiani. Akayachemsha kabla hajaenda sokoni. Ila sufuria ilijaa, machache yakabaki mabichi. Yote yamo humu."

Akafungua mkoba. Trei ilikuwa imefungwa kwa shuka. Nikaifungua. Mayai yalikuwa yamechanganywa, yaliyochemshwa na mabichi, yote yamepoa, yote yanafanana.

Halafu mikono yangu ikakumbuka kazi kabla ya kichwa. Nikachukua yai, nikaliweka kwenye benchi, nikalizungusha.

Likazunguka vizuri kama pia. Limechemshwa.

La pili, likazunguka. La tatu, hivyo hivyo. Abiria wakasogea. Kuna mtu alinyanyua mtoto wake aone vizuri. La nne likayumba, likagoma, likasimama. Bichi! Nikalifunika kiganjani. Kuzungusha yai la kutotolesha si jambo jema, najua, msiniandikie. Lakini ningefanyaje?

"Hilo limechemshwa," mkata tiketi akaanza kubashiri dirishani. "Hilo bichi. Aa, nimekosa."

Trei nzima ilinipa mayai sita. Sita tu! Nikayaviringisha kwenye pindo la nguo yangu, nikabaki nimepiga magoti, sijui niage vipi mtu niliyemnyang'anya zawadi.

"Nisamehe, Mama."

"Sijasema nimekusamehe," akajibu. Basi lilikuwa limeshawashwa, watu wanapanda. Akasimama, akamshika shemeji mkono. "Nanyi mnasikia wote wawili, maana sitarudia. Mayai hayo mkayalaze. Akitoka jogoo wa damu ile ile, mzima, anayesimama kwa miguu yake, uwanja ni wa kuku mpaka nitakapokufa. Asipotoka, siku hiyo hiyo kaka mtu abomoe, ajenge vyumba vyake. Nimechoka kusikiliza ninyi mkigombana kwenye simu."

"Sawa, Mama," shemeji akasema.

"Sawa, Mama," nikasema na mimi.

Akapanda ngazi moja, akageuka.

"Na yaliyochemshwa nipeni. Nina njaa. Yule kuku alikuwa mgumu."

Nikarudi nyumbani kwa hatua za mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Bandani kulikuwa na jike mmoja aliyekuwa amekatalia kiotani tangu asubuhi ile, amejivimbisha, anadonoa kila mkono unaomkaribia. Hiyo ndiyo tabia niliyomzalishia! Bibi yake wa kisasa asingekaa hata dakika. Nikamwekea yale sita na ya siku ile, na kesho yake asubuhi nikaongeza ya mwisho niliyokuwa na hakika nayo, yakawa kumi. Akayasogeza kwa mdomo moja moja chini ya tumbo, akafumba macho.

Asubuhi niliamka nikakuta mume wangu amehamishia cherehani uani, mlangoni pa banda. Wateja wakawa wanapimiwa suruali katikati ya harufu ya kuku.

"Huku kuna upepo," akasema nilipomtazama. Nikajua ndiyo pole yake.

Wiki ya kwanza ilipoisha nilijifunika blanketi mchana kweupe na tochi, nikayamulika mayai moja moja. Yenye uhai huonyesha mishipa myembamba inayotambaa kama mizizi. Matatu yalikuwa meupe pee, matupu. Nadhani ni yale yaliyochoka safari ya kituoni. Baadaye jike alikanyaga jingine, likapasuka. Kila nilipohesabu, nilihesabu kushuka.

Siku ya kuangua, shemeji alifika asubuhi na vibarua wawili na nyundo.

"Sijaja kugombana, shemeji," akasema kwa upole. "Nimekuja siku aliyosema Mama. Nitasubiri hapa mpaka la mwisho."

Na kweli, akageuza ndoo, akakaa. Siwezi kumsema vibaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya.

Wa kwanza alitoka mapema, amelowa, anatetemeka. Nikamgeuza. Niwaeleze: nilichagua kwa miaka ili jinsia ionekane siku ile ile ya kuzaliwa. Jike huzaliwa na mstari mweusi mgongoni. Dume huwa na doa kubwa jeupe utosini. Huhitaji kusubiri miezi kujua.

Huyu alikuwa na mstari. Jike.

"Wa kike," nikasema.

"Hongera," shemeji akasema, kwa adabu tu.

Wa pili, mstari. Wa tatu, mstari. Wifi yangu alikuwa amechuchumaa kando yangu, anasali kwa sauti ambayo alidhani haisikiki. Wa nne akatoka kwa kishindo, akaangukia pua, nikamgeuza.

Mstari.

Cherehani ikanyamaza nyuma yangu. Yalikuwa yamebaki mayai mawili. Moja nililiweka sikioni, kimya kabisa. Nikalipasua pembeni. Alikuwa amekufa zamani, hata manyoya hayakuwa yameota.

Likabaki moja.

Lilikuwa na tundu dogo tangu asubuhi. Kupitia tundu hilo niliona mdomo, na juu ya mdomo, nilipoligeuza kwenye mwanga, niliona weupe.

"Wifi," nikasema. "Wifi, lione doa."

Wifi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Shemeji akanyanyuka kwenye ndoo.

Tukasubiri. Kifaranga alilia, akadonoa, akapumzika. Alilia, akadonoa, akapumzika kwa muda mrefu zaidi. Tundu halikupanuka. Jua likatoka mlangoni likahamia ukutani, na tundu likabaki lile lile. Ngozi ya ndani ya yai ilikuwa imeanza kukauka na kumbana.

"Msaidie!" wifi akasema.

"Hasaidiwi."

"Wifi, anakufa!"

"Hasaidiwi, wifi. Unajua hasaidiwi."

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwaambia ukweli, na ndiyo maana nimechelewesha hadithi hii wiki nzima. Mzalishaji hamsaidii kifaranga kutoka. Anayeshindwa na ganda, watoto wake nao watashindwa, na watoto wao, mpaka unabaki na kuku wasioweza kuzaliwa bila mkono wa mtu. Kwa hiyo unaacha. Kwa miaka tisa niliacha. Nimekaa na kikombe cha chai nikisikiliza vifaranga wakilia ndani ya maganda mpaka wakanyamaza, na nikaita hiyo kazi. Wifi alikuwa akinililia kila mara, nami nikamwambia ana moyo laini, hafai kwa ufugaji.

Na huyu mmoja ndiye angekuwa baba wa wote watakaofuata. Ukimsaidia huyu, umeusaidia udhaifu uoe nyumba nzima.

Kifaranga akalia. Safari hii sauti ilikuwa ndogo mno.

Mume wangu akaja akasimama nyuma yangu. Akaweka mkono begani kwangu, hakusema fanya wala usifanye.

Nikaingiza ukucha kwenye tundu.

Ganda likatoka kipande kwa kipande. Nililainisha ngozi ya ndani kwa maji ya uvuguvugu kwa ncha ya kidole, nikavuta, tone la damu likatokea, nikaacha, nikapumua, nikavuta tena. Mikono yangu haikuwahi kufanya kazi hiyo lakini ilijua. Kichwa kikatoka, na doa jeupe utosini, kubwa, safi, lile lile la baba yake. Halafu shingo. Halafu akateleza mzima akaingia kiganjani mwangu, amelowa, ana joto, na akafumbua jicho.

"Dume!" wifi akapiga vigelegele, jirani akatoka tena na taulo lake. "Dume! Dume jamani!"

Mume wangu akakaa chini kwenye mavi ya kuku na suruali ya mteja mabegani. Alikuwa analia.

Na mimi nikatazama chini ya kifaranga.

Mguu wa kushoto ulikuwa sawa. Wa kulia, vidole vyote vilikuwa vimejikunja kwa ndani kama ngumi. Nikavinyoosha kwa kidole changu, vikarudi. Nikavinyoosha tena, vikarudi. Wakati mwingine huwa ni kubanwa tu ndani ya yai, na kwa siku chache hunyooka. Wakati mwingine ni damu iliyorudiwa mno, baba kwa binti, na huo haunyooki kamwe. Siku ya kwanza hakuna anayejua ni upi. Siku zote, wa namna hii nilimfunga kitambaa chekundu kabla hajakauka.

Nikakunja kiganja. Nikamfunika.

Wifi alikuwa ameona. Vigelegele vilimkatika katikati. Tukatazamana, na yeye, ambaye baada ya yule jogoo wa sokoni aliapa mbele yangu kwamba hatanificha tena jambo lolote la bandani, akageuza uso, akaanza kuokota maganda.

Shemeji alikuwa tayari amewapa vibarua nyundo yao wairudishe. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la kweli, la mtu aliyeshindwa na hana kinyongo.

"Hongera, shemeji," akasema. "Ahadi ni ahadi. Nitautoa ule mchanga kesho."

Akachomoa simu mfukoni, akapiga. Nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka mbali, kubwa kama kawaida yake.

"Ametoka, Mama. Ndiyo. Dume. Ndiyo, nimeliona doa mwenyewe." Akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Ngoja nimuulize."

Akashusha simu kutoka sikioni, akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mama anauliza, anasimama?" akasema. "Mweke chini, shemeji. Nimwone, nimwambie kwamba nimemwona."

Kiganjani mwangu, kifaranga akaanza kusukuma, akitaka kutoka.